Mkono Mwepesi

Juni iliyopita tulimzika Doto kijijini kwao, nje kidogo ya Kharumwa, na baada ya maziko nikaketishwa kwenye jamvi la wazee, sinia la ugali na nyama ya ng'ombe katikati yetu. Kulwa, dada pacha wa marehemu, alikuwa anapita na jagi la kunawisha mikono. Alipofika kwangu akasimama, akawatangazia wale wazee, ambao mimi sikumjua hata mmoja: "Huyu ndiye kaka Festo niliyekuwa nawasimulia. Ndiye aliyemkata mama kidonda, na mama asisikie kitu. Huu ndio mkono mwepesi wenyewe." Wazee wakaguna kwa kuridhika. Mmoja akaushika mkono wangu wa kulia, akaugeuza huku na huku kama mtu anayechagua muhogo sokoni, akasema, "Wabeja, baba," yaani asante. Nina miaka sitini na minane, nimezika watu wengi, na sikumbuki kama tonge limewahi kunikwama kooni namna ile. Nilikunywa maji vikombe viwili ndipo likashuka. Tangu siku hiyo mwaka ule niliomkata mama yao umekaa nami mezani kila ninapokula, na nimeona heri niuandike, maana kuubeba kimya nimeshachoka.

Ya nyumbani kwetu nitayaacha. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuoni na cheti cha uganga msaidizi ambacho hakijathibitishwa, na nimepangiwa mwaka mmoja wa kuangaliwa kazi katika hospitali moja ya misheni kwenye barabara ya kwenda Ushirombo. Ulikuwa mwaka wa pili baada ya vita vya Kagera. Sukari ilikuwa hadithi, sabuni ya mche tuliigawa kwa uzi, na dawa ya ganzi ilikuwa imebaki vichupa viwili, vyote vimefungiwa kabatini kwa ajili ya wajawazito wa kupasuliwa. Daktari alikuwa mmoja tu, mtawa kutoka Ulaya, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa waya sikioni. Kila mtu alimwita Sista Daktari, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu. Chumba changu kilikuwa nyuma ya jiko la watumishi. Ukuta uliotutenganisha haukufika juu kwenye bati, kwa hiyo moshi wa jiko ulikuwa wangu na maneno ya jikoni yalikuwa yangu pia. Nilijua nani kamkimbia mumewe, nani kaiba mashuka ya wodini, na wauguzi wananionaje. Walisema ninajidai.

Bwana wa jiko lile alikuwa mwanamke, Mama Kulwa, mjane mnene wa vicheko, mwenye mapacha wa miaka tisa waliolala naye kwenye kibanda cha uani. Mimi sikuwa na mtu pale, naye aliliona hilo siku ya kwanza. Alinipikia ugali wa udaga mweusi, ule wa muhogo uliovundikwa, na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, akiyaunga kwa karanga. Siku za bahati akaongeza maziwa mgando ndani ya kibuyu. Asubuhi aliponipa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, alikuwa anasimama mpaka nimemaliza. "Kula, Dakitari. Mtu mwembamba hawezi kumtibu mnene, mnene atamdharau." Nikichelewa wodini aliniwekea chakula changu kwenye bakuli la bati, akalifunika kwa bakuli jingine na kuweka jiwe juu, mbwa wa misheni wasije wakalifungua. Nilimpenda. Nasema hivyo mapema ili msomaji asije akadhani nilikuwa mzembe tu. Uzembe ungekuwa na dawa.

Mguu wake nilianza kuujua kwa harufu. Alikuwa anafukiza majani ya mkaratusi jikoni akidai anafukuza nzi, lakini la kuvunda halina ubani, na mimi nililala upande wa pili wa ukuta. Siku moja nilimkuta ameketi kwenye kigoda, mguu wa kushoto ameunyoosha, anafungua kipande cha kanga kilichozungushwa kwenye muundi. Utotoni aliangukia moto wa kupikia, akabaki na kovu jeupe kuanzia chini ya goti hadi karibu na kifundo. Katikati ya kovu hilo kulikuwa na kidonda kipana kama kiganja changu, kingo zake zimeinuka na kuwa ngumu, katikati pamezama, pamejaa nyama ya kijivu. "Kina mwaka wa tatu," alisema, kama anayetaja umri wa ndama. "Ni kidonda ndugu tu. Usimwambie Sista, ataniondoa jikoni." Nilimwambia Sista jioni ileile. Hilo angalau nililifanya.

Sista aliugusa mguu ule kwa muda mrefu, akapapasa na kinena, akatikisa kichwa. Kinenani palikuwa safi. Kisha akaniita maabara, kwa Mzee Shija, mzee wa Kisukuma aliyekuwa amepima vinyesi na damu pale kabla mimi sijazaliwa. Huko Sista akanieleza jambo zima bila kuzunguka. Kidonda kinachokaa miaka kwenye kovu la moto kinaweza kugeuka kansa. Kama ni kansa, na bado iko mguuni tu, tukate mguu, Mama Kulwa aone wajukuu. Kama si kansa, kuukata ni dhambi. Na dhambi hiyo yeye alikwisha kuitenda. Miaka minne nyuma alikata mguu wa mwalimu wa shule ya msingi kwa kuangalia kwa macho, na wiki tano baadaye jibu likarudi kutoka Mwanza: kidonda ndugu. Mwalimu yule alikuwa akipita mbele ya hospitali kila Jumapili kwenda misa na magongo yake, na kila Jumapili alimsalimia Sista kwa adabu. "Sikati tena mguu bila karatasi," Sista alisema. "Kwa hiyo kipande utakachochukua wewe ndicho kitakachoamua."

Fremu ya dirisha la maabara ilikuwa imeliwa na mchwa. Sista akasukuma kidole katikati ya ubao, kikazama ndani ya vumbi. "Hapa mchwa yupo?" Nikasema hayupo. "Alishakula akaondoka. Sasa yuko wapi?" Akaburuta kidole mpaka pale ubao mzima ulipoanzia, akabandua kwa ukucha, na wadudu weupe wakatoka wakihangaika kwenye mwanga. "Ukingoni. Katikati ya kidonda ni nyama iliyokufa, haina habari yoyote ya kutupa. Kata ukingoni, nusu mbovu, nusu nzima, uingie chini. Na kwa kuwa ni nzima, itauma. Ganzi siwezi kukupa, wiki hii nina wanawake watatu wa kupasua. Atalia. Wewe fanya haraka, umalize." Kesho yake alfajiri akaondoka na gari kwenda kliniki za vijijini, siku tatu.

Chumba cha kufungia vidonda kilikuwa na kitanda cha chuma, ndoo ya bandeji chafu, na kalenda ya mwaka uliopita yenye picha ya Bikira Maria. Mama Kulwa alipanda mwenyewe kitandani, akavuta kitenge, akaniambia nisiogope. Muuguzi mmoja akamshika mguu. Niliosha, nikashika ukingo kwa koleo, nikaweka kisu. Kilipozama tu, akapiga yowe, "Mayu wee!" akimwita mama yake aliyekufa zamani. Mkono wake ukanikamata kifundo cha mkono wangu kwa nguvu za mtu anayesonga ugali wa watu arobaini. "Mwanangu, basi. Basi, mwanangu." Machozi yalikuwa yanamwagika masikioni mwake. Nje, karibu na mlango, nikasikia mapacha nao wameanza kulia. Hakunikataza mtu kuendelea. Muuguzi alikuwa ananitazama, anangoja. Nami nikaupandisha mkono kama vidole vitatu, nikaingiza kisu katikati, kwenye ile nyama ya kijivu, nikakata kipande kikubwa kuliko nilichoambiwa. Hakutikisika. Alikuwa amefumba macho akisubiri. "Bado?" aliniuliza. Nikamwambia nimemaliza. Akafumbua macho, akacheka kwa mshangao huku machozi hayajakauka. "Mbona sikusikia? Dakitari, una mkono mwepesi wewe!" Nilijisikia vizuri. Nitasema ukweli wote: kwa miaka ishirini na mitatu ya maisha yangu sikuwa nimewahi kujisikia vizuri kiasi kile.

Mzee Shija alikuwa na chupa zake za mdomo mpana, alizoziokota kwa mapadri, za jemu na za kahawa. Za mdomo mwembamba alizikataa, kwa kuwa nyama inaingia laini, ikishakaa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia, inakuwa ngumu na haitoki tena. Alimimina dawa mpaka ikazidi nyama mara kumi, akakitumbukiza kipande changu, akakitazama kwenye mwanga. Pembeni kilikuwa kinamomonyoka kama ugali ulioloweka. "Umekata wapi?" aliniuliza. "Ukingoni." Akaitikisa chupa polepole. "Nyama hii mbona imelegea, baba?" Nikamwambia yeye apeleke tu. Alinitazama, akasema bila kejeli yoyote, "Wewe ndiye uliyesoma," akanisogezea fomu na penseli, kwa sababu wino unayeyuka dawa ikivuja. Mahali palipoandikwa sehemu kipande kilipotolewa, niliandika: ukingo wa kidonda. Mwandiko wangu siku hizo ulikuwa mzuri. Chupa ikazungushiwa pamba, ikaingia kwenye kopo la siagi, ikapanda lori la misheni kwenda Mwanza kwa njia ya feri ya Busisi.

Tulingoja wiki sita. Mama Kulwa alipika kama kawaida, nami kupitia ukutani nilimsikia akiwasimulia wauguzi na ndugu waliokuja kuuguza wagonjwa, kila siku akiongeza chumvi: mara hakusikia kitu, mara alisinzia, mara aliota. Watu wakaanza kuniomba mimi niwachome sindano. Wauguzi wakaacha kusema ninajidai. Mara mbili nilijiambia nimwendee Sista nimwambie turudie, na mara zote mbili nikapata kazi nyingine ya kufanya. Kisha jibu likaja, mistari mitatu iliyopigwa taipu: usaha na nyama iliyokufa, seli za saratani hazikuonekana, kama kipande kilitoka ukingoni basi inaelekea ni kidonda sugu. Sista akalisoma amesimama, akaniangalia juu ya miwani. "Kilitoka ukingoni?" "Ndiyo, Sista." "Una hakika?" "Nina hakika, Sista." Akaketi. Akafunika uso kwa viganja, na alipoviondoa niliona mtu aliyetuliwa mzigo, maana baada ya ule wa mwalimu, mguu wa pili asingeukata. Aliniruhusu nikampe Mama Kulwa habari mwenyewe.

Alipiga vigelegele mpaka wagonjwa wa wodi ya wanaume wakatoka nje. Mchana ule alichinja jogoo wake wa pekee, akampika kwa karanga, akatandika jamvi nje ya jiko. Walikuwepo wauguzi, mtunza bustani, mapacha na Mzee Shija. Paja nikapewa mimi, na firigisi pia, ambayo kwa desturi angepewa mkubwa wetu wa pale. Nilipojaribu kuisogeza kwa Mzee Shija, akasema tumbo linamsumbua siku hiyo. Hakula hata mchuzi. Mimi nilikula. Nilijiambia kwamba huenda kweli ilikuwa kidonda ndugu, na kwa saa nzima nikaamini.

Pamba ilichanua, ikavunwa, ikapakiwa. Tulikisafisha kidonda kila siku, penisilini ikipatikana tukamchoma, nacho kikawa kinapanuka. Mwezi wa nane Mama Kulwa alishindwa kuinama kupuliza moto. Sista akampapasa kinena, akakuta uvimbe mgumu kama yai la kanga. Akachukua kisu mwenyewe, safari hii akiwa na ganzi kidogo iliyokuwa imefika, isiyotosha, akakata ukingoni kama alivyonifundisha, nami nikiwa nimeshika mguu. Mama Kulwa aliuma kitenge, akapiga yowe ambalo nadhani lilifika barabarani. Alipopata pumzi akasema, kwa kulalamika kama mtu aliyepewa kiti kibovu, "Sista, ungemwachia kijana. Yeye alikata, nami sikusikia hata kidogo."

Kisu kilikuwa bado mkononi mwa Sista. Akakiweka kwenye trei. Akafunga kidonda, akamfunika, akamshukuru, kisha akaniambia nimfuate ofisini. Aliufunga mlango. "Hakulia?" aliniuliza. "Alilia mwanzoni, Sista. Baadaye hakulia." "Ulipochukua kipande, hakulia." "Hakulia." Akavua miwani yake ya waya. Namkumbuka nzi aliyekuwa anatembea kwenye karatasi ya jibu la kwanza. "Nilikuuliza mara mbili," alisema. Nikapiga magoti. Akaniambia niinuke, sakafu haijafagiliwa. Nilitaka anifukuze, na nilimwambia hivyo. "Nikikufukuza utafungua duka huko Kahama, na baada ya miaka miwili utakuwa umesahau. Cheti chako nitakisaini. Nataka ukate watu maisha yako yote, na kila atakayelia umkumbuke huyu." Nilidhani huo ni ukatili. Bado nadhani ulikuwa ukatili, ingawa siku hizi simlaumu.

Jibu la pili lilikuwa kansa, na halikuwa na kazi tena, maana ilikuwa imeshapanda kinenani. Mama Kulwa hakuambiwa kuhusu kipande cha kwanza. Sista aliniachia mimi nimwambie, na mimi nilingoja apate nafuu kidogo. Nafuu haikuja. Alipoomba kurudishwa kwao Kharumwa, tulimpakia kwenye gari la misheni juu ya godoro, sufuria zake zikiwa miguuni. Asubuhi hiyo alikuwa ameniwekea matobolwa kwenye bakuli la bati na jiwe juu yake. Akanishika shavu. "Mungu akutunzie mkono huo." Alikufa kabla mvua za vuli hazijaanza. Mapacha walichukuliwa na shangazi yao, na Mzee Shija, aliyenipa taarifa, alinipa pia chupa moja ya mdomo mpana, tupu, akaenda zake. Hatukuzungumza jambo hilo hata siku moja.

Nimekata vipande miaka thelathini na nne, Kahama, Geita, na kwenye machimbo ambako wachimbaji wadogo waliniita Mzee Kisu. Walinitania kwamba kwangu mtu haendi bila kuandika wosia kwanza. Nilikata ukingoni, ganzi ikiwepo au isiwepo, na walionilaani kwa Kisukuma na Kisumbwa ni wengi. Nyumba ile ya Kharumwa ndiyo pekee duniani ambako nilibaki na mkono mwepesi.

Siku ya tatu ya matanga, Kulwa alinichukua nyuma ya ghala la mahindi. "Shikamoo, kaka," akaanza upya, kama tumeonana sasa hivi, nikajua kuna jambo. Akauchukua mkono wangu, akauweka kwenye titi la kushoto, juu ya gauni la msiba. Vidole vyangu vya kizee vikakuta kitu kigumu, kisichosogea. Hospitali Mwanza wanataka kuchukua kipande cha kupima, alisema, yeye anaogopa, ameahirisha mara mbili. "Nataka unikate wewe. Kama ulivyomkata mama." Nikamwambia pale pale, nimesimama, kuku wakidonoa miguuni petu. Nilimwambia nilipoanza kukata, na nilipohamia, na nilichoandika kwenye fomu, na nilichojibu nilipoulizwa mara mbili. Nikamwambia mama yake hakusikia kwa sababu nyama ile ilikuwa imekufa, na kama angesikia angekuwa na mguu mmoja, na huenda angekuwa hai wa kumzika Doto. Kulwa alinisikiliza mpaka mwisho. Akawafukuza kuku kwa upindo wa kanga. "Yule jogoo," alisema, "mimi ndiye niliyemkamata. Nilimkimbiza mpaka shamba la pamba." Akaingia ndani, na siku ile sikumwona tena.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nafunga mfuko wangu aliposimama mlangoni amevaa viatu. Hakunisalimia. "Twende Mwanza. Utakaa mlangoni," alisema. Tukasafiri mpaka hospitalini. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, vidole vyembamba. Akatueleza kwamba ganzi ipo, ila sindano ya ganzi yenyewe inauma, na atachukua vipande vitano kutoka pembeni na ndani. Nikamwomba neno moja faraghani. Nikamwambia, "Mwanangu, huyu akikuomba uache, usiache." Akacheka kidogo, akidhani ni uzee.

Nilikaa kwenye benchi la korido. Mlango ulifungwa. Baada ya muda nikamsikia, sauti ileile, kana kwamba mama yake amelala mle ndani: "Mayu wee!" Kisha ikaja "Basi, daktari, basi," kisha kimya. Nimekaa kwenye makorido ya hospitali maisha yangu yote, na sijawahi kuogopa kimya kama kile. Nikashika magoti yangu, nikahesabu pumzi. Ndipo likaja yowe la pili, kubwa kuliko la kwanza, na mimi mzee mzima nikapiga ishara ya msalaba, nikamshukuru Mungu.